Mlangoni, Mezani, Kwenye Malipo na Chooni: Barua ya Wazi kwa Wenye Mikahawa ya Kahawa Nairobi

Kwa wamiliki, mameneja na wasimamizi wa zamu,

Java House ilipofungua mkahawa wake wa kwanza Adams Arcade mwaka 1999, Nairobi haikuwa na uhaba wa mahali pa kunywa kitu cha moto. Hoteli za chai na mandazi zilijaa kila mtaa, na bado zimejaa. Kilichokuwa adimu ni mahali ambapo mtu angeagiza kikombe kimoja, akafungua kompyuta yake, akakaa saa tatu bila mhudumu kuja kupangusa meza kwa hasira. Hicho ndicho mnachouza. Wakenya ni watu wa chai, na kahawa inayochumwa Nyeri na Kirinyaga husafirishwa nje karibu yote. Anayetoa mia tatu na ushee kwa kikombe chenye povu la maziwa analipia kiti, soketi ya umeme na utulivu wa kufanyia mambo yake: mahojiano ya kazi, kikao cha kamati ya harusi, kuonana kwa mara ya kwanza na mtu waliyejuana mtandaoni.

Barua hii inawahusu wateja wanaotoa pesa hizohizo bila hakika kwamba kiti watakipata kwa amani. Ni watu transjenda: waliozaliwa wakaandikwa wavulana nao wanaishi kama wanawake, walioandikwa wasichana nao wanaishi kama wanaume, na wengine wasiojiona wako upande wowote kati ya jinsia hizo mbili. Wasichanganywe na huntha, waliozaliwa na maumbile yasiyoelemea jinsia moja. Huntha walihesabiwa kwenye sensa ya mwaka 2019, wakapatikana 1,524. Watu transjenda hawakuwa na kisanduku chao kwenye fomu ile, lakini wako mjini, wana kazi, wana marafiki wa kuonana nao Ijumaa jioni, na wengi wao wana orodha kichwani ya mikahawa wanayoingia na mikahawa wanayoipita wakiangalia pembeni.

Hakuna anayewaomba mbandike bendera ya upinde wa mvua mlangoni. Kwa maoni ya mwandishi wa barua hii, katika Nairobi ya leo bendera hiyo ingemdhuru mteja kabla ya kumfaa. Ingemtia alama kila anayeingia, ingewavuta wapiga video, na siku mambo yakichacha ingeng'olewa usiku na meneja mwenye hofu. Mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba watetezi wa haki za mashoga na wasagaji wana haki ya kusajili shirika lao, jibu la mitaani lilikuwa maandamano ya kupinga ushoga Mombasa na Nairobi, na bungeni mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, aliandaa mswada wa adhabu kali. Katika hali hiyo, mteja transjenda anayetafuta mkahawa hasomi maandishi ya ukutani. Anaangalia vituo vinne atakavyopitia kuanzia anaposhuka kwenye teksi hadi anapoondoka: mlangoni, mezani, kwenye malipo na chooni.

Mlangoni ndiko kugumu kuliko kote, na kuna sababu ya kihistoria. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate wakaua watu 67, na Artcaffé iliyokuwa humo ilikuwa miongoni mwa mahali walipopigwa risasi watu waliokuwa wamekaa kunywa chochote chao. Tangu siku hiyo kupekuliwa kumekuwa sehemu ya kunywa kahawa jijini. Mkoba hufunguliwa, kile kifimbo cha kukagua chuma hupitishwa mabegani na kiunoni, na kwenye majengo makubwa wanawake huenda kwa askari wa kike na wanaume kwa askari wa kiume. Mpango huo una busara yake. Hakuna mwanamke anayetaka kupapaswa na mwanamume asiyemjua.

Sasa aje mwanamke transjenda. Askari wa kike anamtazama uso, anamtazama mikono, anasita. Anamwita mwenzake wa kiume kwa jicho. Mwenzake anacheka kidogo, si kwa ubaya labda, ni kile kicheko cha mtu asiyejua la kufanya. Kitambulisho kinaombwa, ambacho hakikuombwa kwa waliotangulia. Foleni nyuma inakua na kila aliye kwenye foleni sasa ana muda wa kutazama. Yote yanaweza kuisha kwa sekunde ishirini, na mteja akaruhusiwa kuingia, lakini kahawa yake imekwisha kuharibika kabla ya maji kuchemka. Kwa mwanamume transjenda mambo hugeuka upande wa pili: anakwenda kwa askari wa kiume kama wanaume wengine, na mkono unaompapasa kifuani ndio unaoleta maswali.

Dawa yake haihitaji semina hotelini Naivasha. Kifimbo kinakagua chuma bila kugusa mwili. Kitumike hivyo kwa kila mtu, na mkoba uwekwe mezani ufunguliwe na mwenyewe. Pale ambapo kugusa hakuepukiki, swali moja linatosha, nalo aulizwe kila mteja bila ubaguzi: ungependa kupekuliwa na nani? Waislamu wengi waliojifunika wangeshukuru swali hilo vilevile. Mtasema askari si wenu, ni wa kampuni ya ulinzi, au ni wa mwenye jengo. Ni kweli. Lakini mkataba wa ulinzi una kurasa za masharti, na mnazijua kurasa hizo vizuri inapofika kwenye sare, viatu na saa za zamu.

Anayeona kwamba upekuzi ni jambo dogo asome hukumu mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 2013, katika kesi ambayo kumbukumbu za mahakama zinamtaja mlalamikaji kwa herufi A.N.N. pekee. Polisi wa Thika walimvua nguo mbele ya waandishi wa habari. Jaji Mumbi Ngugi alisema utu wake ulikiukwa, akaamuru alipwe shilingi 200,000. Ya pili ni ya Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret. Mlalamikaji, mwanamke transjenda aliyekamatwa mwaka 2019, alipekuliwa kwa kudhalilishwa na kupimwa mwili bila ridhaa yake. Jaji Reuben Nyakundi aliamuru alipwe shilingi milioni moja, kisha akaitaka serikali itunge sheria ya kulinda watu transjenda. Washtakiwa katika kesi zote mbili walikuwa upande wa serikali, lakini mwenye mkahawa asijifariji kwa hilo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27(5), inamkataza kila mtu kumbagua mwenzake, si serikali peke yake. Na kifungu cha 31, kinacholinda faragha, kinaanza na haki ya mtu kutopekuliwa mwili wake wala nyumba yake.

Mezani kuna kazi ndogo zaidi. Wahudumu wa Nairobi ni wachangamfu, na uchangamfu wao umejengwa juu ya majina ya heshima: madam, sir, boss, mrembo, mzee. Likitumika la upande usio wake, mteja hubaki na mawili: asahihishe mbele ya wenzake, au anyamaze na kumeza. "Karibu sana, nikuletee nini?" ni salamu kamili, ina adabu yote inayohitajika, wala haijakosea mtu hata mmoja tangu ianze kutumika. Mhudumu akikosea na akasahihishwa, aseme pole na aendelee na oda. Kuomba radhi mara tano huku meza ya jirani ikigeuka kusikiliza kunaongeza tu aibu.

Mahali pa kumkalisha pia pana maneno yake. Kumpeleka kwenye meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni wakati meza za dirishani ziko wazi ni ujumbe, hata kama aliyempeleka hakukusudia.

Kuhusu nani akae wapi, ni haki kuukumbuka ukweli mwingine wa kahawa yetu wenyewe. Mombasa, Lamu na Unguja walikuwa na kahawa ya mitaani miaka mingi kabla ya mashine za Kiitaliano kufika Westlands. Muuzaji hupita na dele la shaba na vikombe vidogo, anavigonganisha vikalia, na wanaume wa mtaa hukaa barazani na kahawa tungu, halua na habari za dunia. Wanawake hunywa yao ndani. Ni desturi nzuri yenye mazungumzo matamu, ila kiti chake kina jinsia. Mikahawa yenu ilipokuja iliwapa wanawake wa mjini kitu ambacho baraza halikuwapa: kukaa hadharani na kikombe, peke yao, bila kueleza wanamngoja nani. Wapo wazee waliolalamika. Biashara haikufungwa.

Sasa malipo, na hapa barua itakaa kidogo, kwa sababu hili ni jambo la Kenya hasa, na mwongozo wa huduma ulioletwa kutoka Seattle au London hautalitaja.

Karibu kila mtu hulipa kwa M-Pesa. Mteja anaingiza namba ya till, kiasi na siri yake, na sekunde chache baadaye simu au skrini ya kaunta inalia na ujumbe unaothibitisha malipo. Ndani ya ujumbe huo kuna jina. Jina hilo halitoki kwa mteja. Linatoka kwenye usajili wa laini ya simu, usajili wa laini unatoka kwenye kitambulisho cha taifa, na kitambulisho kinatoka kwenye karatasi alizoandikiwa akiwa hawezi hata kushika kichwa. Kwa hiyo mwanamke aliyekaa saa mbili mezani kwenu akiitwa Neema na marafiki zake anafika kaunta, analipa, na mtunza pesa anasoma kwa sauti, kama anavyowasomea wote ili kuhakikisha: "Imeingia, asante... Julius?" Halafu anainua macho.

Kulibadili jina hilo ni safari. Sheria inaruhusu mtu kuandika hati ya kubadili jina na kuitangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, lakini ofisi moja ikikubali, nyingine huuliza vyeti vya shule. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alilazimika kulishtaki Baraza la Mitihani la Kenya ili cheti chake cha kidato cha nne kiwe na jina analolitumia. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru baraza limpe cheti kipya chenye jina hilo na kisicho na alama ya jinsia, kwa kuwa hakukuwa na sheria iliyodai alama hiyo iwepo. Ilikuwa ushindi mkubwa. Lakini hebu fikirieni: mtu anakwenda hadi Mahakama Kuu kwa ajili ya karatasi moja, na bado kuna karatasi nyingine kumi zinamngoja. Wengi hawana wakili wala nauli ya kurudi mahakamani, basi simu zao zinaendelea kuwatangaza kila wanaponunua kahawa.

Kwenye jambo hili mna uwezo mkubwa kuliko mnavyodhani. Mtunza pesa hana haja ya jina. Ana haja ya kiasi na namba ya muamala. Mfundisheni asome hivyo viwili: "Mia tatu na sabini, inaishia na 7QK, asante." Skrini ya malipo igeuzwe imwelekee mtunza pesa, isielekee foleni. Risiti isichapishwe jina. Anayetaka kupewa pointi za mteja wa kila siku aulizwe jina apendalo kuitwa, na liandikwe hilohilo bila kulinganishwa na simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka mchukue taarifa za mteja zile tu mnazozihitaji kwa kazi iliyopo, na kile kifungu cha 31 cha Katiba kinaongeza kwamba mambo binafsi ya mtu yasifichuliwe bila sababu. Kumsomea Neema jina la Julius mbele ya foleni hakuna sababu ya kibiashara inayoweza kuandikwa kwenye karatasi.

Wenzenu wa mataifa makubwa waligundua zamani kwamba jina kwenye kikombe lina thamani. Mwaka 2020 Starbucks ya Uingereza ilitoa tangazo la televisheni lenye kijana transjenda ambaye kutwa nzima anaitwa kwa jina la zamani, kwenye barua, hospitalini, kila mahali, hadi anapofika kaunta, anaulizwa jina, anasema James, na James ndilo linaloandikwa. Mwaka 2023 Starbucks ya India ikaja na lake: baba anamwagizia bintiye transjenda kahawa baridi, na barista anapoita "Arpita" wazazi wanatabasamu. Tangazo la India lilizua wito wa kususia. Mtu anaweza kuyapenda matangazo hayo na bado akauliza swali la mhasibu: je, kampuni hiyohiyo hufanya nini kamera zikizimwa?

Kwenye vyoo, jibu limeyumba. Aprili 2018, kwenye tawi la Starbucks mjini Philadelphia, wanaume wawili weusi walikuwa wakimngoja mwenzao kwa mazungumzo ya biashara, mmoja wao akanyimwa choo kwa kuwa hawakuwa wamenunua kitu, kisha meneja akaita polisi, wakatolewa na pingu. Kampuni iliona aibu ikafunga matawi zaidi ya 8,000 kwa alasiri moja ya mafunzo, na ikatangaza kwamba yeyote anaweza kukaa na kutumia choo hata asiponunua. Januari 2025 ikalifuta agizo hilo: sasa lazima ununue. Kinachomhusu mteja transjenda katika hadithi hii ni mtindo wa uamuzi. Mlango uliofunguliwa kwa tangazo la makao makuu unafungwa kwa tangazo la makao makuu, na kati ya matangazo hayo mawili anayeamua nani anafanana na mteja ni meneja wa zamu.

Choo cha mkahawa wa Nairobi mara nyingi si cha mkahawa. Ni cha jengo, kiko mwisho wa korido, kina milango miwili yenye picha ya gauni na suruali, na dada wa usafi amekaa hapo na ndoo yake. Mteja transjenda anaujua ukanda huo. Wapo wanaopunguza kunywa maji kabla ya kutoka nyumbani. Wapo wanaochagua mkahawa kwa sababu moja tu: una choo cha chumba kimoja, mlango unaofungwa kwa ndani, beseni la kunawia humohumo, na alama isiyosema lolote zaidi ya "Choo". Mikahawa mingi iliyo kwenye nyumba za zamani za Lavington na Kilimani tayari ina vyumba vya namna hiyo, kwa kuwa vilikuwa vya familia. Kuondoa gauni na suruali kwenye milango hiyo ni kazi ya bisibisi na dakika tano. Mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka sita, baba mwenye binti, mzee anayesaidiwa na mkwewe, wote hufaidika. Uingereza, baada ya Mahakama yao ya Juu kuamua Aprili 2025 kwamba neno "mwanamke" kwenye Sheria ya Usawa linafuata jinsia ya kuzaliwa, wenye biashara wengi walijikuta wanabishana kuhusu nani aingie wapi. Penye chumba kimoja cha mtu mmoja hapana la kubishania.

Na wateja wengine wakilalamika? Swali hili ndilo linalowanyima mameneja usingizi, na lijibiwe bila kuzungukwa. Watalalamika baadhi. Atakuja mtu mwenye heshima zake, mteja wa miaka mingi, atasema hawezi kula na watoto wake huku "yule" amekaa pale. Meneja ana mambo mawili ya kumpa: meza nyingine, au bili. Asimpe kichwa cha mtu aliyekaa akinywa kahawa yake kimya. Mkahawa una kanuni za mwenendo, na zihukumu mwenendo: kelele, matusi, ulevi, kumsumbua mhudumu. Aliyekaa na kikombe hajafanya lolote kati ya hayo, aliyesimama kulalamika yuko karibu zaidi.

Kuita polisi ili mteja aondoke ni njia ambayo imekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. San Francisco, mtaa wa Tenderloin, kwenye kona ya barabara za Turk na Taylor, palikuwa na mkahawa wa saa ishirini na nne ulioitwa Compton's Cafeteria. Wanawake transjenda waliokuwa wakifanya kazi mitaani walikutania hapo usiku, kwa kuwa baa nyingi hazikuwataka. Usimamizi ulichoshwa na watu wanaokaa sana na kununua kidogo, malalamiko ambayo kila mmoja wenu amewahi kuyatoa kuhusu vijana wa kompyuta. Usiku mmoja wa Agosti 1966 polisi waliitwa. Mmoja wao alimshika mwanamke mkono, na mwanamke huyo akammwagia kahawa usoni. Zilizofuata zilikuwa sahani, vikombe na vyombo vya sukari, kisha vioo vya madirisha. Magazeti hayakuandika kitu. Ilibidi mwanahistoria Susan Stryker aufukue mkasa huo miongo mitatu baadaye na kuutolea filamu mwaka 2005, na sasa sehemu ya mtaa huo imetambuliwa na jiji kuwa eneo la historia ya watu transjenda.

Mfano wa Dewey's ni mfupi na unafaa zaidi kwa mwenye biashara. Aprili 1965, mkahawa huo wa Philadelphia uliamua kutowahudumia vijana waliovaa au kujibeba tofauti na jinsia yao. Kwa siku moja wakafukuzwa watu 150 au zaidi. Vijana watatu walikataa kuondoka, wakakamatwa. Kwa siku zilizofuata vikaratasi 1,500 vya kueleza kisa hicho viligawiwa nje ya mlango, watu wakarudi kukaa tena mwanzoni mwa Mei, na safari hii polisi hawakumkamata mtu. Mkahawa ukaiacha kanuni yake, kwa kuwa ulikuwa na biashara ya kuendesha.

Yanayotokea Nairobi leo hayafanani na kurusha sahani. Silaha ya sasa ni simu. Mteja wa meza ya tatu anainua simu kana kwamba anajipiga picha, lenzi iko begani mwa mtu mwingine, na kabla bili haijaja video iko TikTok na maoni elfu mbili yenye jina la tawi lenu. Mwenye kurekodiwa hana nyumba ya kurudi ikiwa mwenye nyumba ameiona. Wekeni kanuni moja iliyoandikwa kwenye menyu na inayotekelezwa na wahudumu: hakuna kumrekodi mteja mwingine bila ruhusa yake. Watu mashuhuri wataipenda, na waliokuja na wapenzi wasio wao wataipenda zaidi.

Limebaki suala la ajira, nalo barua hii italigusa kwa tahadhari, kwa sababu ukarimu wa kukurupuka unaweza kuumiza. Mwaka 2017 Metro ya Kochi, India, iliajiri watu transjenda 23, ikasifiwa dunia nzima. Haukupita muda, kadhaa wakaacha kazi: wenye nyumba walikataa kuwapangisha karibu na kazi, na mshahara haukutosha kulala lojingi. Mkahawa utakaomwajiri barista transjenda ufikirie zamu ya kufunga saa nne usiku na matatu atakayopanda baada ya hapo, kitambulisho chake kitakavyoonekana kwa kila mfanyakazi wa ofisi ya rasilimali watu, na kibandiko cha jina atakachovaa kifuani. Kibandiko ndicho rahisi zaidi. Wahudumu wenu wengi tayari wanavaa majina ya mkato, Shiko, Kevo, Mama Ada, na hakuna aliyewahi kuwaomba hati ya kiapo.

Msimu wa Desemba unakuja, na mikahawa yenu itachukua wahudumu wa muda. Watafundishwa menyu, namba za meza, namna ya kubeba trei na kanuni za usafi. Ombi la barua hii ni kwamba siku hiyohiyo ya mafunzo wafundishwe kusoma namba ya muamala badala ya jina, na askari wa zamu aitwe akae nao kwenye kipindi hicho, apewe chai kama wengine, aulizwe pia yeye huona nini mlangoni. Wenye mikataba ya majengo inayokwisha mwaka ujao wamwandikie mwenye jengo kuhusu choo kimoja cha mtu mmoja kila ghorofa kabla ya kusaini, wakati bado wana neno la kusikilizwa.

Wasalaam,
Mteja wa meza ya dirishani